Insha Haivutwi kama Mpira

Hotuba kwa walimu wa Kiswahili, wazazi na wanafunzi wa shule ya upili, Eastlands, Nairobi

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu siku ya Jumamosi, nanyi wanafunzi, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuwasaidia wanafunzi waandike insha ndefu zaidi na zenye uzito zaidi. Nitaanza na neno moja ambalo nimeliandika kwa wino mwekundu mara nyingi kuliko neno jingine lolote maishani mwangu: "Panua." Nimeliandika pembeni mwa aya, nimeliandika chini ya insha, siku nyingine nimelipigia mistari miwili. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nikiandika hivyo nimefundisha.

Sasa jiwekeni mahali pa mtoto. Ameandika alichokuwa nacho, amefika mwisho, amepiga nukta. Daftari linarudi limeandikwa "Panua." Apanue nini? Kwa kutumia nini? Neno hilo linamwambia kwamba kuna upungufu, ila halimwonyeshi ghala liko wapi. Na kwa kuwa mtoto ni mtiifu, atatii. Insha itakayofuata itakuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na itaanza hivi:

"Ilikuwa asubuhi yenye umande. Majogoo yaliwika kokoriko. Nilirauka kutoka kitandani, nikapiga mswaki, nikaoga, nikajikwatua, nikastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi. Kisha niliwaaga wazazi wangu buriani na kushika njia kuelekea shuleni."

Walimu mnatabasamu kwa sababu mmeisoma aya hii mara mia. (Hiyo buriani nayo, kwa heshima, ni neno la watu wanaoombana radhi kwa kutengana. Hatuagani hivyo tukienda shule na kurudi jioni.) Mada ilikuwa ajali ya moto. Moto wenyewe unatokea robo ya mwisho ya insha, umebanwa ukutani, hauna pa kuwakia. Insha imerefuka na haijanenepa hata kidogo.

Siwalaumu wanafunzi. Wamefundishwa kuogopa karatasi tupu. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili hapa Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili inamtaka mtahiniwa aandike insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima na ya pili ya kuchagua, kila moja alama 20, kila moja isipungue maneno 400, zote kwa saa moja na dakika 45. Kabla ya hapo, wengi wa kaka na dada zenu walipitia KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, hadi mtihani wake wa mwisho mwaka 2023, na pale insha ilikuwa ya dakika 40. Mtoto wa miaka 13 akipewa dakika 40 atafanya nini? Atabeba akiba kichwani. Atakariri utangulizi mmoja wa kupachika popote, methali tano, tashbihi kumi, na kuzipanga kama vyombo vya wageni kabatini. Akiba hiyo ilimvusha siku ile. Akiifikisha kidato cha tatu inakuwa pingu.

Neno "insha" lilitujia kutoka Kiarabu, na kwao asili yake ni kuumba, kuanzisha kitu, kujenga. Nalipenda kwa sababu hiyo. Angalieni fundi anayejenga hapa mtaani. Akipungukiwa na mawe ya Ndarugo haanzi kuyavuta yale aliyo nayo ili ukuta ufike juu. Anaagiza mawe mengine. Mwanafunzi wetu naye hana haja ya kuvuta sentensi zake kama mpira. Ana mawe mengi sana, ila hajui kuwa ni mawe.

Nitawapa kisa kimoja, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu ndicho kilichonigeuza.

Nilikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye insha zake hazikuwahi kuvuka nusu ukurasa. Mkimya, hati nzuri, hana makosa mengi. Mada ilikuwa tukio ambalo hatalisahau, naye akaandika kuhusu moto wa Gikomba. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi, mnajua, na huenda hapa kuna waliopoteza mali humo. Sehemu yenyewe ya moto aliiandika hivi:

"Moto ulikuwa mkubwa sana. Watu walikimbia huku na kule. Mali nyingi iliteketea. Mama yangu alilia sana. Tulihuzunika."

Sentensi tano, zote sahihi. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi kuandika lile neno langu. Sijui kwa nini siku hiyo niliiweka chini. Nilimwita, nikalifunga daftari, nikaanza kumwuliza kama mtu aliyekutana naye njiani.

Mama anauza nini? Nguo za watoto, za mitumba. Mlijuaje kuna moto? Jirani wa kibanda alipiga simu saa nane usiku. Mlifikaje? Kwa miguu, kutoka Shauri Moyo, yeye akiwa amevaa ndara za kakake. Mlipofika uliona nini kwanza? Hapo alinyamaza. Kisha akasema, "Hatukuona kwanza, mwalimu. Tulinusa. Nguo nyingi zikiungua pamoja zinanuka kama nywele na plastiki."

Nikamwuliza mama aliokoa nini. Akasema, "Daftari la madeni."

Kwa nini daftari, si nguo?

"Kwa sababu waliokopa wakilipa, nguo zitanunuliwa tena. Lakini daftari likiungua, nani atakubali kwamba anadaiwa?"

Nilimrudishia daftari lake nikamwomba aandike aliyoniambia, vile vile alivyoniambia. Kabla kengele haijalia alikuwa amejaza ukurasa mmoja na robo na bado mkono haujasimama. Sehemu moja ilisema hivi:

"Mama hakukimbilia nguo. Alipiga magoti kwenye majivu moto, akaingiza mkono chini ya meza iliyokuwa imeanza kushika, akatoa daftari lenye jalada la buluu. Kingo zake zilikuwa zimebabuka. Alilifungua papo hapo, kwa mwanga wa moto ule ule, akaanza kuhesabu majina."

Hakuna methali hapo. Hakuna tashbihi. Hakuna jogoo. Mtu yeyote akiisoma ataona huzuni bila ya kuambiwa "tulihuzunika," na ataona pia kitu ambacho mwandishi hakukitaja kabisa: akili ya mwanamke mfanyabiashara katikati ya msiba.

Nilipokaa na zile insha mbili usiku, niliona tofauti. Ile ya kwanza ilikuwa imejaa hukumu. "Mkubwa sana" ni hukumu. "Alilia sana" ni hukumu. Mtoto alikuwa ameshaona, ameshasikia, ameshapima, akatuletea uamuzi peke yake na kuuacha ushahidi nyumbani. Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na insha fupi natafuta hukumu zake, na kwenye kila hukumu naandika swali. Moto ulikuwa mkubwa sana? "Ulijuaje?" Mwalimu wetu ni mkarimu? "Alifanya nini, siku gani?" Swali moja lenye jibu linaleta sentensi tatu au nne ambazo mtoto hakulazimika kuzikariri. Na "Panua" haina jibu. Ndiyo tofauti yote.

Mtaniambia hayo ni ya masimulizi, na insha ya hoja je? Chukueni mada ambayo wanafunzi hawa wataizungumzia hadi jua litue: bodaboda zipigwe marufuku katikati ya jiji, jadili. Insha nyingi nilizopokea kuhusu mada hii zina hoja nane katika sentensi nane. Kwanza, husababisha ajali. Pili, hupiga kelele. Tatu, baadhi hutumiwa na wezi. Nne, tano, sita, hitimisho. Ni orodha ya sokoni, na mwandishi anashangaa mbona amekwama kwenye maneno 150.

Kijana mmoja nilimwambia afute zote abaki na ajali. Alishtuka kama nimemnyang'anya chakula. Nikamwuliza ajali hutokea vipi hasa. Akafikiri, akasema matatu zikiziba barabara ya Tom Mboya, bodaboda hupanda kijia cha waendao kwa miguu, na aliyebeba mzigo kichwani hawezi kugeuka haraka. Vizuri, andika. Nani atakubishia? Akasema mgonjwa anayewahishwa Hospitali ya Kenyatta wakati barabara zimefungana. Nani mwingine? Mwenye duka anayetuma mzigo Kirinyaga Road. Na mwendeshaji mwenyewe, maana huenda ndiye mzazi anayelipa karo. Utamjibu nini? Hapo alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema labda wasipigwe marufuku, watengewe vituo pembezoni na wakamatwe wanaopanda vijia. Alikuwa amebadilisha msimamo wake mwenyewe ndani ya hoja moja, na hoja hiyo ilikuwa imekaribia maneno 150 peke yake. Hoja tatu kama hizo zinavuka 400, na mtahini anamwona mtu anayefikiri.

Kwa hiyo maswali yangu ya insha ya hoja ni haya: vipi hasa, nani atakubishia, utamjibu nini. Sijaona mwanafunzi aliyeyajibu kwa ukweli akabaki na nusu ukurasa.

Mmeona kwamba katika visa vyote viwili mtoto alizungumza kabla ya kuandika. Hilo silifichi: naamini insha huanzia mdomoni. Sisi ni watu wa mazungumzo. Mtoto ambaye hawezi kuandika aya kuhusu safari ya matatu anaweza kukusimulia safari hiyo kwa dakika 20, na sauti ya utingo ndani yake, na mama aliyekataa kushuka, na mvua. Wapeni wanafunzi dakika 10 wakae wawili wawili, mmoja asimulie, mwenzake aulize. Halafu kalamu. Darasa litapiga kelele, na Mwalimu Mkuu nakuomba uivumilie kelele hiyo.

Wenzangu wengine hatukubaliani hapa, kwa sababu mazungumzo hayo yatakuwa ya Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Ndiyo, yatakuwa ya Sheng, tuko Nairobi. Kijana akisema "konda alitulipisha soo badala ya finje," tayari ana tukio, ana mhusika, ana dhuluma. Kazi iliyobaki ni kulivisha nguo za karatasi ya mtihani: utingo alitutoza shilingi 100 badala ya 50. Hiyo ni kazi ya dakika moja, na inamfundisha kwamba Kiswahili sanifu kinaweza kubeba maisha yake. Lakini ukimkataza kufungua mdomo mpaka awe na Kiswahili sanifu, atakuletea umande na majogoo, kwa sababu hayo ndiyo pekee aliyo nayo katika Kiswahili sanifu. Mahali pa kukataa Sheng ni kwenye nakala ya mwisho, na pale nakataa bila huruma.

Vivyo hivyo sarufi. "Gari imeanguka" lazima iwe "gari limeanguka," sisemi vingine. Ila mpangilio una maana. Ukimrudishia mtoto rasimu yake ya kwanza ikiwa na miduara 30 myekundu kwenye ngeli, safari ijayo ataandika sentensi chache zaidi ili apate miduara michache zaidi. Ni hesabu ya busara kabisa kwa upande wake. Wengi wa wale tunaowaita wavivu wa kuandika ni watoto waliojifunza hesabu hiyo mapema, katika darasa la mtu kama mimi.

Sasa nizungumze na walimu peke yao, maana najua mnachowaza. Darasa lina wanafunzi 60. Una mikondo mitatu. Hizo ni insha 180. Ukitumia dakika tano kwa kila moja ni dakika 900, yaani saa 15 za kusahihisha kwa insha moja tu, na bado kuna fasihi, kuna lugha, kuna zamu, kuna familia yako. Atakayekuambia usahihishe zaidi hajawahi kubeba mzigo huo kwenye matatu ya jioni. Mimi nasema sahihisha kidogo zaidi, mahali panapofaa.

Katika rasimu ya kwanza nasoma hadi nikutane na hukumu ya kwanza isiyo na ushahidi. Naandika swali langu pembeni, moja, na ninaacha. Dakika moja, au moja na nusu. Sitoi alama. Mwanafunzi anarudi kuandika insha ile ile. Sisemi mpya. Ile ile. Tumezoea kuwapa mada mpya kila wiki, ile ya jana ikazikwa daftarini na makosa yake, na hakuna anayejua insha nzuri inavyozaliwa kutoka kwa insha mbaya, kwa sababu hajawahi kuiona ikitokea. Afadhali insha tatu kwa muhula, kila moja ikiandikwa mara tatu, kuliko tisa zilizoandikwa mara moja. Alama natoa mwishoni, na hapo ndipo ngeli, tahajia na vituo vinapata haki yao.

Wanafunzi wenyewe nao wanasaidia. Badilishaneni daftari, kila mtu amsomee jirani yake, na mahali unapotaka kujua zaidi weka alama ya kiulizi, basi. Usisahihishe chochote. Mwandishi akipokea daftari lenye viulizi vinne kutoka kwa rafiki yake anajua kuna mtu anayetaka kusikia. Nimeona vijana wakiandika kwa hamu ya rafiki ambayo wino wangu mwekundu haukuwahi kuwapa.

Kuhusu saa ya mtihani nitasema kwa ufupi. Mna dakika 105. Dakika 10 za kujiuliza maswali haya kwenye karatasi ya rasimu, 40 za kuandika, na hivyo hivyo kwa insha ya pili, inafika 100. Tano za kusoma ulichoandika. Wanaoruka zile 10 ndio wanaokwama dakika ya 25 na kuanza kurudia utangulizi kwa maneno mengine.

Na msisikie kwamba nasema urefu ndio wema. Yule msichana wa Gikomba, katika rasimu ya tatu, alifuta mistari tisa. Alikuwa ameanza kwa kueleza jinsi soko lilivyo kubwa na jinsi watu wa kila kabila wanavyofanya biashara pale. Nilimwuliza, "Bila hii mistari, daftari la mama litapotea?" Akasema hapana. Akaikata mwenyewe, na insha ikaanza na simu ya saa nane usiku.

Wanafunzi, someni. Gazeti la Taifa Leo likinunuliwa na mmoja linaweza kusomwa na kumi. Maktaba za kaunti ziko hapa kwetu, Kaloleni na Makadara, na ile ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, iko katikati ya jiji. Mkisoma, kamateni mwandishi mahali alipokufanya uone kitu, mjiulize alikuonyesha nini. Hayo yanatosha kwa leo kuhusu kusoma.

Kuna simu pia. Najua akili mnemba inaweza kukuandikia kurasa mbili kabla chai haijachemka, na zitakuwa na umande na majogoo ya kutosha. Haikuwa Shauri Moyo saa nane usiku. Wewe ulikuwa.

Wazazi, nimewaweka mwisho kwa sababu ninawahitaji kuliko wote. Kila mwaka mnaniambia, "Mwalimu, mimi Kiswahili changu ni cha Nairobi, huyu mtoto nitamsaidiaje?" Ninyi ndio mnaoujua ushahidi. Ninyi mlikuwapo. Sihitaji mrekebishe ngeli hata moja. Nahitaji jioni moja kwa wiki, ukiwa unapika au unakunja nguo, mtoto akusomee alichoandika kwa sauti, na wewe umwulize lile ambalo moyo wako unataka kujua. Uliza kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Dholuo, kwa Gikuyu, kwa lugha yoyote mnayocheka nayo nyumbani. Aliyewahi kumsikiliza nyanya akisimulia anajua kuuliza "halafu?" na "yeye akasema nini?" Hakuna mtahini anayeuliza vizuri zaidi ya hapo.

Na hatutangoja jioni. Nimewaomba walimu waweke daftari za insha juu ya madawati, kila moja kwenye jina lake. Mzazi, nenda ukae na mwanao. Ambaye mzazi wake hakuweza kufika leo aje hapa mbele, mimi na walimu wengine tuko tayari kumsikiliza. Asome aya moja kwa sauti. Umwulize swali moja unalotaka kwa dhati kujua jibu lake, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akimaliza, mpe kalamu. Tuna dakika 20 kabla ya chai. Karibuni.